Nilipomwambia Mkalimani Kwamba Hodan Hajambo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hutamani ningezaliwa bubu. Tulikuwa hapa hapa Nechells, mtaa wa Birmingham, Uingereza, na kitinda mimba wangu, Hodan, alikuwa na miaka minane. Leo wajukuu wananiita nyanya, lakini wakati ule bado nilikuwa na ujana wa kutosha kuogopa maneno ya watu kuliko kumwogopa Mungu.

Hodan hakuwa na maneno. Akili alikuwa nayo, tena kali, ila kinywa kilikataa. Shule ilisema ana usonji, na baada ya barua nyingi kaunsili, yaani serikali ya mji, ikakubali kumtengea bajeti yake binafsi. Usidhani ni pesa za kutia mfukoni. Ni fedha za mahitaji ya mtoto, na mzazi huruhusiwa kusema: msaada nautaka uje kwa njia hii, kwa mkono wa mtu huyu. Nami nikamchagua Chantal, mama wa Kikongo aliyekaa mtaa wa Ladywood, kwa sababu alijua kuwafundisha watoto wasiosema, na alijua Kiswahili. Kiswahili cha Bukavu, lakini Hodan alikielewa.

Chantal alikuja mara tatu kwa wiki, akishuka basi na mfuko wa kadi za picha. Kadi ya maji. Kadi ya choo. Kadi ya mtoto aliyeshika kichwa, maana yake naumwa. Mwezi wa nne wa kazi hiyo, Hodan alinifuata jikoni, akanitia mkononi kadi ya maji, akangoja. Nililia, mwanangu. Miaka minane nilikuwa nikikisia tu.

"Mama Hodan," Chantal akaniambia, "mutoto huyu iko na maneno mingi ndani. Ilikosa tu mulango."

Kila mwaka huwa kuna kikao cha kuutazama upya mpango wa msaada wa mtoto. Chantal alinionya mapema: "Kule useme siku ya mubaya, si siku ya muzuri." Nikaitikia. Kiingereza cha dukani ninacho, cha ofisini sina, kwa hiyo waliniletea mkalimani. Akaingia msichana amejitanda vizuri, akatoa salamu, nami mara moja nikamtambua. Binti wa watu tuliokaa nao mtaa mmoja Eastleigh, Nairobi! Mamake alikuwa hapa Birmingham na hakuna arusi aliyoikosa.

Jamaa zangu wote nilikuwa nimewaambia Hodan ni mkimya tu, atasema akikua. Siku za Idi nilimwacha juu chumbani, mlango nimeufunga.

Afisa wa kaunsili akauliza kwa upole: nyumbani anaendeleaje? Analala? Anajiumiza?

Ukweli ni kwamba alikuwa halali. Alijigonga kichwa ukutani hadi paji likavimba. Lakini ulimi hauna mfupa. "Hajambo," nikasema. "Analala vizuri. Ametulia. Hata maneno kidogo anasema."

Mwalimu wake akanitazama kwa mshangao, akasema shuleni wanamwona tofauti. Nikamkata: "Basi labda ni mambo ya shule. Nyumbani hana shida."

Afisa aliandika nilichosema. Hakuwa mtu mbaya. Angeandika nini kingine?

Barua ikaja: kwa kuwa nyumbani mtoto amepiga hatua, saa za msaidizi zingesimamishwa. Nafasi ya kukata rufaa ilikuwepo, lakini kukata rufaa ni kukiri nilidanganya. Nikaiweka barua kwenye droo, na muda ukaishia humo humo. Chantal naye ana watoto wa kulisha. Akapata kazi mji mwingine, akaniachia kadi. Mimi sikujua kuzitumia kama yeye, na Hodan akazirarua moja baada ya nyingine.

Majira ya baridi hayajaisha, akaanza tena kujigonga kichwa, zaidi ya kawaida yake. Asubuhi ya kwanza alinijia jikoni akaninyooshea mkono mtupu, kiganja wazi, akangoja. Nilidhani anataka biskuti. Nikampa, akaitupa, nikamkemea. Siku ya tatu nilimsomea dua. Siku ya nne, mchana, niliona usaha kwenye mto, na nyuma ya sikio pamevimba kama limau.

Hospitali wakampasua. Uhai wakauokoa, sikio la kushoto likafa.

"Hakuna njia yoyote anayoonyeshea maumivu?" daktari akauliza.

"Ilikuwepo," nikasema.

Tuliporudi nyumbani, jirani yangu Mama Kulwant alikuja na chapati na dengu. Yeye ni Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, wakati huo umri umeshakwenda sana. Nikamweleza yote nikitarajia anipoze. Hakunipoza.

"Mimi nilikuwa na ndugu kama huyu," akasema. "Kisumu tulimweka chumba cha nyuma. Mgeni akija, baba anafunga kufuli. Alipokufa, majirani wakauliza, kumbe mlikuwa na kijana mwingine? Heshima yetu ilibaki salama kabisa. Na wewe umelinda heshima yako. Sasa utaifanyia nini?"

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilidhani humuumbua anayeficha. Kumbe mara nyingine humlipisha asiye na kosa.

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni kuomba kikao kipya, nikasema kila kitu mbele ya kila mtu. Ilichukua mwaka na zaidi. Fedha zilirudi, Chantal hakurudi. Hodan sasa ni mtu mzima. Ana kadi tano anazozikubali, na ya maumivu haimo. Na yule binti mkalimani? Kutunza siri ndiyo kazi yake. Hakumwambia mtu neno.

Basi mwanangu, wewe unayelea mtoto kama wangu, ukiitwa kwenye kikao usiende kumpamba mwanao kama bibi arusi. Sema siku yake mbaya kuliko zote, iandike kabla hujatoka nyumbani. Ukimwogopa mkalimani, omba mwingine, hakuna atakayekulaumu. Barua usiyoielewa mpelekee anayeielewa siku hiyo hiyo. Na wageni wakija, mtoto na akae sebuleni pamoja nao. Anayeona aibu na aone. Wewe ndiye ulimi wa mwanao, na ulimi ukidanganya, anayeumia ni yeye.

Mungu akupe kifua cha kusema kweli mbele ya watu. Akulindie mwanao katika yale asiyoweza kuyasema, na akujaalie kuyasikia mapema kuliko nilivyosikia mimi. Amina.