Ulimusikia?

Mwanangu wa pili aliswaliwa kwa sababu ya neno moja. Neno lenyewe nililitamka mimi, nikiwa chali kitandani, bila kujua ninaulizwa nini. Kwa karibu mwaka mzima baada ya hapo niliishi na hofu kwamba nilikuwa nimesema uongo mbele ya Mungu juu ya mtoto wangu mwenyewe, na hofu nyingine kubwa zaidi, kwamba nikisema ukweli watamnyang'anya swala yake. Jina lake sitaliandika hapa, maana si langu peke yangu.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Mume wangu alikuja kwetu kununua vitambaa, akaondoka na vitambaa na mimi. Nilifika Kisangani nikiwa na miaka ishirini na mbili, na kitu cha kwanza nilichofanya katika nyumba ya wakwe zangu, pale Mangobo, ni kuwacheka. Waislamu tangu enzi za mababu wa mababu, watu wa msikiti hasa, halafu Kiswahili chao kimepasuka kama sahani! Kila kitu "iko". Mutu iko, mbuzi iko, mvua iko. Nilikuwa mjuaji, sikatai. Niliwasahihisha watu wazima sebuleni kwao. Mama mkwe alinivumilia na kunitania tu.

"Bokilo, Kiswahili yako iko ya radio. Ukianza kusema, tunangoya score ya mpira."

Bokilo ni mkwe kwa Kilingala, na tuliitana hivyo siku ambazo tumepatana. Siku ambazo hatukupatana nilimwita mama, kwa adabu nyingi mno.

Nilipopata mimba ya pili, binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Aliongea Kiswahili cha bibi yake na Kilingala cha watoto wa mtaa, na changu alikitumia pale tu alipotaka kitu kutoka kwangu. Mwezi wa tano wa mimba ile, asubuhi moja, mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko akaniuliza, "Unamusikia mutoto?"

Kwetu tunasema mtoto anacheza tumboni. Sauti ndiyo husikika. Nikamjibu, "Kwani anaimba?" Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Yeye hakucheka. Alikuja akaniwekea kiganja tumboni, akasubiri mpaka mtoto akapiga teke.

"Kusikia njo hii," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yake. Kabla ya kuulizana tumeamkaje, kabla ya chai, "Umemusikia?" Nami nilijibu, "Nimemsikia, mama." Maana yao nilikuwa nimeishika, ila ile "mu" yao niliikataa, kiburi changu kilifika mpaka huko. Wakati yeye anaponda ndizi za lituma kinuni, binti yangu aliweka sikio tumboni mwangu na kudai kwamba mdogo wake anakula bila kumgawia.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Uchungu ulianza alfajiri, tukaenda hospitali kwa pikipiki, mama mkwe nyuma yangu amenishika kiuno na kunisomea sikioni kila aya aliyoijua. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita mchana. Mkunga alimchukua akampeleka kwenye meza ya pembeni, mimi nikaanza kungoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa fujo, na nakumbuka niliikasirikia mvua, niliona inamfunika sauti. Nilitaka mtu aizime. Mkunga alikuwa amenipa mgongo, viwiko vyake vinakwenda haraka haraka, anamsugua, anampulizia. Kisha viwiko vikapunguza mwendo.

Hakulia. Naandika hivyo leo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa hatua tatu kutoka alipolala na sikusikia kitu ila mvua.

Nje kwenye korido walikuwapo mume wangu, baba yake, na mwalimu wa msikiti wetu. Kwa mafundisho tuliyokulia, mtoto akilia hata mara moja anahesabiwa kuwa aliishi, na anaswaliwa kama mtu mwingine yeyote. Asiyelia anaviringishwa kitambaa safi na kuzikwa, basi. Katika nyumba ile hata jina alikuwa hapewi. Mimi wakati ule sikuwaza lolote kati ya hayo. Nilikuwa natazama dari.

Mama mkwe aliinama, mdomo wake karibu na sikio langu.

"Ulimusikia?"

Maneno yaleyale, sauti ileile ya mlangoni mwa jiko. Nikajibu kama nilivyomjibu kila asubuhi kwa miezi minne. "Nilimsikia, mama." Nilikuwa na maana kwamba mpaka alfajiri ile alikuwa anapiga teke, upande wa kushoto, nilimhisi kabisa, kwa hiyo haiwezekani, warudie tena, wamwangalie vizuri. Alifumba macho kidogo. Akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake, akatoka. Nikamsikia koridoni akisema, "Mama yake alimusikia."

Nilidhani anawafariji.

Walimzika alasiri ileile. Wanawake hatukwenda. Mume wangu aliporudi, suruali ina tope mpaka magotini, aliniambia jina alilozikwa nalo mtoto wetu, jina ambalo mama mkwe alilituma kwa wanaume kabla hawajaondoka hospitali. Mimi nilikuwa na jina langu, la babu yangu wa Kigoma, nililitunza tangu mwezi wa tatu. Hata jina? Hata jina nisiulizwe? Kwa miezi mingi sikumwita tena bokilo.

Siku ya tatu watu walikuja kusoma dua. Mwalimu alisoma zamani pwani, Kiswahili chake ni kama changu, na ndiye mtu pekee mjini mle ambaye sikuwahi kumsahihisha. Alisimama nje ya pazia kunipa pole.

"Mshukuru Mungu, binti yangu," alisema. "Niliuliza kama yupo aliyemsikia mtoto akilia, nikaambiwa mama yake alimsikia. Mwanao ameswaliwa swala kamili. Huko aliko anakungoja."

Nilielewa wakati uleule, nimekaa mkekani, wanawake wamenizunguka. Neno moja lilitoka kinywani mwangu kwa maana ya Kisangani, likaingia masikioni mwa mwalimu kwa maana ya kwetu. Nikasema amina pamoja na wengine.

Alasiri hiyo mama yangu alinitumia sauti kwenye simu kutoka Kigoma. Alilia kwanza, halafu akauliza jambo moja tu, kama mjukuu wake ameswaliwa. Nikamjibu ndiyo. Akasema basi moyo wake umetulia. Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko ilivyonifaa.

Miezi iliyofuata niliswali kama mtu anayejificha. Nikienda sijida nilibaki chini, sijui niombe nini. Nikiomba msamaha, nakiri kwamba swala yake ilisimama juu ya kosa. Nisipoomba, namdanganya Mwenyezi. Na nilikuwa nimemkasirikia Mungu, nasema wazi. Kwa nini mtoto adaiwe sauti, na sauti yenyewe hakupewa? Siku moja nilikaa chini muda mrefu mpaka binti yangu akaja kulala kifudifudi kando yangu, shavu mkekani, tukatazamana.

"Mama," akaninong'oneza, "uko nasali ao uko nalala?"

Nilimwambia naswali. Hakuamini, na alikuwa na haki.

Ijumaa moja, wanaume wakiwa msikitini, tulikaa uani mimi na mama mkwe tukichambua majani ya pondu. Kwetu ni kisamvu. Hata hilo zamani nilikuwa namsahihisha. Siku hiyo sikuwa na nguvu ya kubeba tena. Nikaweka majani chini.

"Mama, siku ile sikumsikia akilia. Uliponiuliza, nilidhani unauliza ya tumboni. Mwalimu amemswalia mtoto kwa ajili ya uongo wangu."

Vidole vyake havikusimama. Alichambua shina moja, akachukua jingine.

"Najua," akasema. "Si nilikuwa pale?"

"Ulijua? Sasa kwa nini uliwaambia..."

"Niliwaambia nini? Mi sikukuuliza kama alilia. Nilikuuliza kama ulimusikia. Ulinijibu ukweli. Nikawapelekea ukweli yako vile ulinipatia, sikuongeza kitu."

Nilimtazama mwanamke ambaye kwa zaidi ya miaka mitano nilimhesabu hajui kuongea.

Aliendelea bila kuniangalia. Kabla ya kumzaa mume wangu alikuwa na mimba nyingine, ya kwanza kabisa, yeye akiwa na miaka kumi na minane. Alizalia nyumbani. Mtoto wa kiume.

"Mi waliniuliza kama alilia," akasema. "Banamuke wakubwa, wako wote mu chumba wananiangalia. Nikasema hapana. Nilikuwa mutoto, nilifikiri ni ukweli tu banataka. Bon. Wakamufunga mu kitenge, wakamuzika nyuma kule ku ndizi. Hakuna sala, hakuna jina. Kisha ndizi zikakatwa, wakajenga. Hata mahali yenyewe sijui tena."

Alifuta pua kwa mgongo wa mkono wenye majani.

"Jina nilikuwa nayo tu mu roho. Sikuisemaka kwa mutu, hata kwa papa yake. Ile siku yako njo niliitosha mu roho, nikawapa. Wakati wanaume wanasali, mi niko pale ku kitanda yako nakushika mukono. Nilitia niya ya wawili."

Karibu mwaka mzima nilikuwa nimemchukia kwa ajili ya jina lile. Nililia pale uani vibaya, kamasi na machozi, sikulia hivyo hata hospitali. Nililia kwa ajili ya mwanangu, na kwa ajili ya msichana yule wa miaka kumi na minane aliyesema ukweli akaachwa nao. Mama mkwe alisogeza beseni la pondu nisilimwagie machozi, akaningoja. Swali langu juu ya swala ile, kama inafaa au haifai, sikumuuliza mtu tena. Bado ninalo.

Nilipoweza kupumua nikamuuliza, na kwa mara ya kwanza nilitumia Kiswahili chake, "mu" na yote.

"Na we, bokilo? Ule wako, ulimusikia?"

Akaacha majani. Akaweka kiganja tumboni, upande wa kulia, mahali alipopajua bila kutafuta.

"Sana," akasema. "Mpaka kitenge ilikuwa inaruka."