Tumbo la Kunguru

Mke wa ndugu yangu ni fundi wa kuchomelea katika kituo cha taka cha manispaa. Pale kazini wanamwita Cheche. Zamani aliuza mitumba, na kabla ya mitumba alipiga pasi nguo za watu. Kuchomelea alijifunza kwa kumshikia mumewe vyuma, mpaka siku moja mumewe akajikuta yeye ndiye anayeshika. Namheshimu sana shemeji yangu, lakini mimi hununua chuma chakavu, na katika biashara hii ukimwamini mtu kwa sababu ya undugu, umekwisha.

Manispaa walitaka sanamu ya chuma chakavu isimamishwe mbele ya soko. Walisema tai. Cheche akaunda kunguru aliyepita paa la ofisi kwa urefu.

"Kwa nini kunguru?" meneja wa kituo aliuliza.

"Tai hajawahi kutia mguu hapa, bosi. Kunguru hakosi kazini hata siku ya mvua."

Mabawa yalikuwa boneti za magari, mdomo majembe mawili yaliyobanwa pamoja. Kifua kilichongoka mbele, kinang'aa, kimejaa majivuno kama mwenye nyumba siku ya kodi.

Tatizo lilikuwa shaba. Nyaya za shaba zilikuwa zinapungua stoo, kidogo kidogo, kama sukari kwenye nyumba yenye watoto. Kila kinachotoka kituoni lazima kipite kwenye mizani ya getini, hata mkokoteni wa kuni. Sanamu peke yake haingepimwa, maana ni mali ya umma na ingeondoka kwa kreni. Na tumbo lake lilikuwa wazi ndani, mtu mzima angeweza kuchuchumaa humo. Tumbo hilo Cheche alilifanyia kazi nyuma ya turubai.

"Nawahurumia macho yenu, shemeji," aliniambia. "Mwanga wa kuchomelea haujui mgeni."

Sababu nzuri kabisa. Mimi sababu nzuri kabisa hunitia wasiwasi. Nimeshaona shaba ikitoka ndani ya chupa ya chai, kwenye pindo la suruali, hata kwenye nepi ya mtoto aliyekwisha kuanza shule.

Siku moja kabla kreni haijaja, mlinzi wa geti alimpitishia kunguru sumaku. Bawani ikanasa. Kifuani ikadondoka. Shaba haishikwi na sumaku, na pale kila mtu anajua hivyo. Mlinzi akapiga kelele utadhani ameona nyoka. Watu wakaacha kazi, hata mpima mizani akaja akikimbia na kikombe chake mkononi.

Meneja hakuzungusha maneno. "Cheche, ikikutwa shaba humo, zana zako unazitoa leo na hapa hurudi tena."

Nilikuwa pale kuchukua mzigo wangu, basi wakaniita nitazame. Nikakwaruza kifua kwa ufunguo.

"Chuma cha kawaida si hiki," nikasema. "Na shaba pia si hii."

"Ni masinki ya jikoni," Cheche akasema. "Sinki lisiloshika kutu halinasi sumaku. Shemeji, si unajua?"

"Najua. Lakini nyuma ya sinki sijui kuna nini."

Akanitazama. "Haya. Wewe ukija kwangu kula, huwa unafunua sufuria zote?"

"Ile yenye nyama tu."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akachukua grainda mwenyewe akakata kifua, pande nne, bila kupindisha. Kipande kikaanguka. Mlinzi akaingiza kichwa, halafu mabega, akabaki miguu tu. Alipotoka alikuwa mweusi wa masizi na mikono mitupu. Ndani kulikuwa na mawe yaliyofungiwa chini, ili upepo usimwangushe ndege.

Meneja akakohoa. "Vizuri. Liziba tundu basi, kreni inakuja asubuhi."

"Sizibi."

"Cheche, wakubwa wanakuja!"

"Waje. Leo mmenishuku mbele ya watu, kesho mtanishuku tena." Akatafuta bawaba mbili kwenye rundo, akageuza kile kipande kikawa mlango, akakitia komeo. "Mwenye mashaka afungue. Asinisumbue mimi kazini."

Kunguru akasimamishwa hivyohivyo, na mlango kifuani. Wakubwa wakasifu ubunifu. Wauza mboga hufungua wakipita, nami nimefungua mara kadhaa, mazoea tu.

Shaba bado inapotea. Siku ile sote tukiwa tumemzunguka kunguru, niligeuka nikaona geti wazi, mizani haina mtu, na pikapu inaishia kwenye kona. Majuzi nikamuuliza Cheche kama naye aliiona.

"Niliiona, shemeji."

"Ya nani?"

Akashusha kinyago usoni, akawasha moto. Nikageuza macho kama watu wote.