Jenereta Kichwani

Kwa miaka thelathini Ladipo alichonga vinyago vya ngoma ya Gelede kama baba yake: uso mtulivu, na juu yake nyoka. Mwaka huu nyoka wakamchosha. Juu ya uso akachonga jenereta, ile balaa inayowapigia kelele watu wa mji wa Imeko kutwa, akaipaka rangi nyekundu.

Iya Abeke, mkuu wa wanawake ambao ngoma hiyo huchezwa kwa heshima yao, akaja kukikagua kinyago hicho kipya. Ladipo akalala kifudifudi kumwamkia, asithubutu kuinuka. Bibi akakizunguka kinyago mara tatu.

"We Ladipo, una wazimu?"

"Nisamehe, Iya."

"Nikusamehe nini? Kamba ya kuiwashia iko wapi?"

Ladipo akashusha pumzi ndefu, vumbi likamwingia puani, akapiga chafya.