Uso wa Kijani wa Euphrasie

Siku ya kwanza, kwenye soko la Jumapili karibu na stesheni ya Gare du Midi huko Ulaya, mchuuzi Zuberi aliikagua picha ya mchoraji Numbi kama anavyokagua viatu vya mtumba. Mwanamke anamenya muhogo. Sufuria nyekundu, mikono rangi ya chungwa, uso kijani.

"Papa, huyu mama anaumwa?"

"Ni bibi yangu, Euphrasie. Siku nilimuaga kule Bukavu alikasirika, hakusema hata neno moja. Ile kijani ndiyo kunyamaza kwake. Bon, hiyo haiuzwe. Chagua ingine."

Numbi alifundishwa kuchora na padri mmoja, aliyemwonyesha picha za Wafaransa wa zamani walioitwa wanyama wakali kwa sababu ya rangi zao.

"Wakali, na wanachora sufuria?" Zuberi akacheka. Lakini mchuuzi hapuuzi kitu kinachovuta jicho. Alichukua picha mbili, karai la njano na mwenye nyumba wa zambarau, akazipeleka kwenye maofisi ya mtaa wa Schuman. Zikaenda zote. Tangu hapo mmoja akachora, mwingine akauza, na wote wakala.

Mwishoni mwa 1996 vita viliingia Bukavu, na habari ikafika kwamba Euphrasie amefia njiani akikimbia. Matanga yakawekwa chumbani kwa Numbi, mtaa wa Saint-Gilles. Kwenye matanga picha ya marehemu hukaa mezani kando ya mshumaa, na kila anayeingia husimama kwanza mbele yake. Numbi hakuwa na foto hata moja. Alikuwa na ile ya muhogo tu.

"Ukiwawekea mama wa kanisa uso wa kijani, watasema ni shetani," Zuberi alimwambia. "Mfanye mtu, papa. Kahawia kidogo tu."

"Kahawia ni ngozi, Zuberi."

"Ngozi ndiyo watu wanaijua."

Numbi akapaka. Maman Rolande, mmoja wa mama wa kanisa, ambaye Bukavu hakuwahi kukanyaga, alilia mbele ya meza: "Ni yeye kabisa." Watu wakajaa, wakaimba, wakachanga. Zuberi akajiona ameshauri vyema.

Wageni walipoondoka, Numbi alikuwa bado amesimama palepale. "Huyu muntu ni nani?" aliuliza. Akachukua kisu, akaanza kukwangua kahawia. Rangi ilikuwa mbichi. Kijani ikang'oka pamoja nayo, hadi kitambaa kikaonekana.

Akaichanganya upya. Ikatoka kijani ya chupa, kesho yake kijani ya mlango, kesho kutwa ya majani. Ya Euphrasie haikurudi.

"Alinyamaza mara ya pili," alisema Numbi, "na mara hii ni mimi nimemunyamazisha."

Baada ya hapo sufuria zake zilikuwa rangi ya sufuria, na watu rangi ya watu. Wateja wa Schuman waliziangalia kwa adabu, wakarudi kwenye kahawa yao. Zuberi akahamia kwenye masanduku ya safari, ambayo hayana huzuni na hayaozi.

Picha ya mwisho yenye rangi za zamani, baiskeli ya buluu, Zuberi aliiuza kabla ya Pasaka. Alipata bei nzuri. Alipompelekea Numbi fungu lake, Numbi alilipokea kwa mikono miwili na hakulitazama.