Chumvi ya Ng'ombe kwenye Barafu

Mwaka 2018, nikiwa na miaka hamsini na sita, goti langu la kulia lilikataa jembe, na shida ikaanza. Mimi darasa la tatu ndiyo mwisho wangu, lakini sikungoja ushauri wa mtu. Niliuza ng'ombe wangu wote wawili, nikanunua friza kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, nikaanza kuuza barafu za juisi ya nanasi, za vifuko, hapa Kibondo. Mke wangu akasema nimeuza maziwa nikanunua kabati.

Barafu ziliuzika. Tatizo lilikuwa gulio la Mabamba, soko la kila wiki, maana ni mbali. Nikifika na kufungua deli langu la kubebea barafu, nakuta vifuko vimelegea kama ndizi zilizooza. Nikatumia akili yangu. Ng'ombe akilegea tunamlambisha chumvi, anasimama. Samaki akitiwa chumvi anafika mbali. Basi nikatia konzi mbili za chumvi kwenye juisi.

Kulikucha, hakuna kilichoganda. Nikaongeza konzi mbili. Maji baridi tu. Siku ya nne mke wangu akapanga kanga zake ndani ya friza.

Nikaipakia kwenye lori hadi Kasulu kudai pesa za ng'ombe wangu. Yule mfanyabiashara, mzee wa kofia na ndevu nyeupe, hakubishana. Aliiwasha, akaweka ndani kifuko cha maji matupu kando ya changu cha juisi. Nikalala kwa binamu yangu. Asubuhi kifuko chake kiligonga meza kama jiwe. Changu akakionja.

"Bwana mkubwa, hii ni juisi au mchuzi?"

Nikamweleza habari za ng'ombe. Alicheka hadi kofia ikaanguka.

"Maji ya chumvi ni kaidi," akasema. "Baridi inayogandisha maji matupu, haya hayaijali, yanataka kali zaidi. Chumvi iweke nje ya kifuko. Ponda barafu ya maji, changanya na chumvi ndani ya deli, zika vifuko humo. Ile barafu itayeyuka, lakini itakuwa na baridi kuliko barafu yenyewe."

"Chumvi hii hii?"

"Hii hii. Ulikosea mlango tu, mzee wangu."

Sikuomba radhi. Nilimwambia nilikuwa naipima friza yake.

Gulio lililofuata, mama mmoja wa Mabamba alinifokea kwamba barafu yangu imemtikisa jino. Nilimwomba arudie kwa sauti, wengine wasikie.

Leo nina friza mbili, madeli manne, nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati, ekari tatu za mihogo, ng'ombe mmoja na ndama wake.