Ndoo Nyuma ya Kamera

Mwanga ndiyo kwanza unaingia kwenye banda la farasi, na mikono ya Mama Ndoo tayari inanuka ngozi na mafuta ya tandiko. Anapitisha vidole chini ya mkanda unaoshika tandiko tumboni mwa farasi. Anaukaza. Anaulegeza. Anaukaza tena.

Farasi mwenyewe, dume la kijivu wanayemwita Waziri kwa jinsi anavyopenda kusubiriwa, anageuza shingo kama anayeuliza leo kuna nini.

"Tulia, baba," anamwambia. "Anayetetemeka hapa ni mimi, si wewe."

Nje, wapiga picha wanaburuta nyaya kwenye nyasi zenye umande. Asubuhi hii wanarudia tukio ambalo juzi liliharibika. Kwa lugha ya watu wa filamu, liliharibika kwa sababu mama mmoja mwenye viatu vya mvua alikatiza katikati ya mashindano akiwa na ndoo ya njano.

Kwa lugha ya mama huyo, hapo ndipo mtoto wake alipopona.

Mama Ndoo ni mtunza farasi kwenye banda hili la pembezoni mwa mji, ambako watu huja kukodi farasi na kufundishwa kupanda. Kazi yake ni kufagia mavi, kusugua kwato, kutibu vidonda na kulisha. Jina amelipata kwa ile ndoo. Jioni akiitikisa, pumba zikaanza kuchakacha ndani yake, farasi huja mbio kutoka pembe yoyote ya uwanja.

"Hata wakiwa wamenuniana," anasema. "Ndoo inawapatanisha."

Filamu inayopigwa hapa inamhusu msichana yatima na farasi asiyepandika. Msichana ataanguka, daktari atasema hatapanda tena, mvua itanyesha sana, kisha siku ya mashindano atashinda kwa tofauti ya pua ya farasi tu. Mwongozaji, kijana mpole anayemwita Mama Ndoo "mama" na kumletea chai kwa mkono wake, anasema hadithi za namna hii zina njia yake.

"Lazima aanguke, mama. Asipoanguka, watu hawatalia. Wasipolia, hawatashangilia."

"Na farasi je?" Mama Ndoo alimuuliza siku ya kwanza. "Maana kwenye filamu zenu farasi hali, hajisaidii, hata nzi hawamfuati."

Kijana akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mwigizaji anayeonekana uso anaogopa farasi. Kwa hiyo panapotakiwa mbio, anayepanda ni binti wa Mama Ndoo, mwenye miaka kumi na miwili, anayepigwa picha kwa mbali au kwa mgongo, amevishwa nywele za bandia. Bandani wanamwita Chiriku, kwa maana mdomo wake haupumziki. Amekulia juu ya migongo ya farasi hawa, na malipo yake ya siku moja yanazidi mshahara wa mama yake wa wiki nzima. Mama alikubali.

"Nilijua anajua kupanda," anasema, akichambua majani kwenye manyoya ya shingo ya Waziri. "Sikujua kama anaisikiliza ile hadithi."

Tukio lenyewe liko hivi. Farasi amechachamaa, anaelekea kwenye uzio. Msichana anafumba macho, anaachia hatamu na kufungua mikono kama ndege. Farasi anahisi imani yake, anapunguza mwendo, anasimama. Hapo ndipo muziki unapopanda.

Makubaliano yalikuwa Chiriku afungue mkono mmoja tu, ule wa upande wa kamera. Mwingine ubaki na hatamu.

Juzi alifungua yote miwili.

Mama Ndoo alikuwa nyuma ya kamera, ndoo miguuni. Aliona hatamu zikidondoka shingoni mwa Waziri, akaona macho ya mtoto yamefumbwa kweli. Mbele yao palikuwa na uzio wa waya, na nyuma ya uzio mtaro wa zege. Waziri hakupunguza chochote.

"Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Mkono ndio uliokumbuka ndoo."

Alikimbilia uwanjani akiitikisa. Waziri akasimamisha masikio, akakata kona ghafla, akamfuata. Chiriku aliyumba, akakumbatia shingo, hakuanguka. Farasi alipotumbukiza pua ndooni, mtoto alikuwa bado juu, anatabasamu.

"Umeona, mama? Amenisikia!"

Tabasamu hilo, anasema Mama Ndoo, lilimtisha kuliko uzio.

Jioni ile, akimtoa vibanio vya nywele za bandia kimoja kimoja, aliamua kumwambia ukweli. Chiriku alikuwa amekaa chini, katikati ya magoti ya mama yake.

"Hakukusikia wewe, mwanangu. Alisikia pumba."

"Alisimama kwa sababu nilimwamini."

"Alisimama kwa sababu ana njaa. Wewe ungekuwa gunia la mchanga pale juu, angesimama vilevile."

Chiriku akageuka kumtazama mama yake.

"Kwa hiyo hanipendi?"

Mama anakiri kwamba swali hilo lilimkata maini.

"Anakupenda. Akikuona anakoroma kwa furaha, mimi hata hanikoromei. Lakini upendo hauna breki, mwanangu. Breki ni mkono wako."

Chiriku akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Basi hiyo filamu ni uongo."

"Ni hadithi. Anayeitunga anajua farasi atasimama, maana ameshaandika kuwa atasimama. Waziri hajaisoma."

Angeweza kumkataza asirudie. Wenzake bandani walimshauri hivyo, na mwongozaji alisema atamwelewa. Usiku alijigeuza kitandani, akawaza uwanja ukiwa mtupu, Waziri akiwa nje, na mtoto anayetaka kuhakikisha mwenyewe nani mkweli, mama au filamu.

"Nikimkataza leo, siku moja atajaribu nikiwa sipo. Bora ajaribu nikimwona."

Ndiyo maana asubuhi hii kuna kamba nyembamba ya kijivu, ile ya kushonea matandiko, aliyoifunga mwenyewe kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa Waziri. Inapita ndani ya manyoya ya shingo, inaingia kwenye mkono wa shati la Chiriku, inaishia kiganjani. Haijafungwa kwenye mkono. Akidondoka, inachomoka, asije akaburutwa. Mwongozaji ameitazama kwa kamera yake na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Haionekani.

"Ukiishika utamsimamisha," mama anamwambia binti, akimrekebishia kikuku cha kukanyagia. "Ukiiachia, mimi na ndoo tuko mbali. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Mama, nimesikia! Utanichelewesha kuwa shujaa."

Mwongozaji anainua mkono. Waziri anatoka kwa kishindo, madongo yanaruka. Mama Ndoo amekumbatia ndoo kifuani, midomo inamtembea bila sauti. Chiriku anafungua mikono yote miwili, upana wote. Kutoka hapa kamba haionekani hata kwa aliyeifunga. Vinaonekana viganja, vidogo, na haijulikani kama viko wazi au vimekunjwa.

Uzio unakaribia. Mama Ndoo anainua ndoo.

Kabla hajaitikisa, shingo ya Waziri inainama kidogo. Mwendo unavunjika, mbio zinakuwa mchakamchaka, mchakamchaka unakuwa hatua. Anasimama, povu mdomoni, uzio ukiwa mbele yake kwa mbali.

"Umependeza!" anapiga kelele mwongozaji. "Mmeona alivyohisi imani yake?"

Watu wanapiga makofi. Chiriku anateleza chini, anamfuata mama yake bila kumsalimia mtu, anamfungulia kiganja chini chini. Katikati kuna mchirizi mwekundu wa kamba.

Mama anaubusu mchirizi huo. Kisha anaketi juu ya ndoo yake.

Filamu itakapotoka, anasema, anajua watakuja watoto wengi bandani wakitaka kufumba macho na kufungua mikono. Ameshaongea na mwenye banda, na wamekubaliana kwamba hakuna mtoto atakayepanda kabla hajajifunza kumsimamisha farasi. Hofu yake haijaisha, ila sasa ina kazi ya kufanya.

Na siku ya kuonyeshwa, ataketi na binti yake ukumbini.

"Sitaangalia skrini," anasema. "Ikifika pale pa muziki, nitapapasa gizani nitafute mkono wake. Naomba tu nikute ameukunja ngumi."