Miche Yenye Baba Mwingine

Mume wangu kazi yake ni kuozesha miti. Msicheke, ndiyo iliyosomesha watoto wetu. Msimu wa maua hukwea misonobari kwa kamba, akafunika maua ya kike kwa vifuko kabla hayajafunguka, kisha akayapaka chavua ya mti uliochaguliwa kuwa baba. Mbegu hukomaa kwa kujivuta. Zikiota, maabara hupima vinasaba vya kila mche ili ichore ramani: ni kipande gani kinachoufanya mti ustahimili wadudu, na kinakaa wapi. Wazazi wasipojulikana, hakuna ramani.

Magoti yake yameisha. Kushuka ngazi tu ni kilio, sembuse kukwea mti. Aliniahidi kwamba ramani hii ikikamilika atahamia kitaluni, amwagilie miche akiwa chini kama binadamu wengine. Niliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili, maana nimechoka kushtuka kila simu inapolia nikidhani ameanguka.

Majibu yalipotoka nilikuwepo, kwa kuwa ndimi ninayeosha chupa za maabara hiyo. Mkuu wetu, mama mpole kupita kiasi, alimwita mume wangu kwenye kompyuta. Kila mche ulipaswa kuonyesha mstari wa mama na mstari wa baba. Wa mama ulikuwepo kote. Wa baba ulionekana kwenye miche michache tu, kwingine ni mgeni mtupu.

"Mzee, wengi hapa si watoto wa huyu baba."

"Kitanda hakizai haramu," mume wangu akajaribu utani.

"Kwenye ramani kinazaa, mzee wangu. Vifuko vilifungwa lini?"

"Nilichelewa. Maua mengine yalishafunguka, upepo ukaniwahi na chavua ya miti mingine. Nikadhani ni machache."

"Mbona hukusema?"

Alitazama viatu vyake. "Nilitaka yaishe."

Basi, miche ing'olewe na kazi ianze upya. Hakuna mwingine aliyefundishwa kukwea, kwa hiyo habari ya kitalu ikafia pale pale.

Jioni nilimsubiri nyumbani, hasira imenipanda kichwani.

"Mtu mzima na akili zako, maua yanafunguka wewe hupo! Ulikuwa wapi?"

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, hata shati hajavua.

"Hospitali, mama watoto. Ni siku zile ulizopasuliwa. Daktari aliniambia huenda usiamke."

Niliona aibu, kisha nikalia, naye akanipigapiga mgongoni kama mtu aliyechoka hata kubembeleza.

Msimu ulipofika alikwea tena. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kusimama chini ya mti wake. Najua siwezi kumdaka. Nilisimama hivyo hivyo mpaka aliposhuka.